Garissa Tuliyoiona Tulipokwenda Kuposa



Katika jarida moja la safari lililoletwa nyumbani na jamaa yetu aliyepanda ndege, mna picha ya jiji la Tokyo, huko Japani. Mbele pana hekalu kongwe la Senso-ji, na nyuma yake umesimama mnara wa Skytree, wenye urefu wa mita 634, uliofunguliwa mwaka 2012. Maelezo yaliyo chini ya picha yanasema kuwa hili ni jiji ambamo mambo ya kale na ya kisasa hukaa pamoja. Picha ni nzuri, wala hatuna neno nayo. Ila nauli ya Tokyo hatuna, na mwezi wa Mfungo Pili tulikuwa na safari yetu nyingine: kwenda Garissa kuposa.

Kijana wetu, mtoto wa dada yetu mkubwa, alimpenda binti wa huko waliyesoma naye chuo kikuu. Wanaume walikwisha kwenda mara moja, wakapokewa vizuri na kurudi na salamu. Lakini mama wa binti alituma neno kwamba hawezi kumtoa mwanawe kwa watu ambao hajawaona wake zao. Ni maneno ya haki. Basi tukatoka wanawake watano, pamoja na kaka yetu aliyetusindikiza, tukiwa na sinia za kaimati, chupa za udi na hofu zetu.

Hofu hizo hatutazificha. Majirani walipojua tuendako waliuliza wote swali moja, "Garissa? Mwaenda Garissa?" Na ndani ya gari, baada ya Malindi na Garsen, mikoko ilipotuacha na mikoma ikaanza kusimama peke yake kwenye uwanda, tulizidi kunyamaza. Kila kizuizi cha barabarani tulitoa vitambulisho, vikatazamwa, vikarudishwa. Baada ya Hola ardhi ilikuwa nyekundu na miti yote ni miiba. Khalati yetu, mzaliwa wa Lamu ambaye hunena mengi, hakunena ila tasbihi.

Garissa huingiwa kwa daraja. Upande wa magharibi ni Madogo, upande wa mashariki ni mji wenyewe, na katikati unapita Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Dereva alituonyesha Kona Punda, mahali ambapo mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara hata abiria wakawa wanavushwa kwa mashua. Sisi watu wa pwani tuliutazama mto ule kama mtu amtazamavyo jamaa aliyekutana naye ugenini, kwa kuwa maji hayo hayo huteremka hadi Kipini yakaingia katika bahari yetu. Khalati akasema, "Kumbe twanywa kisima kimoja." Hapo ndipo garini pakarudi mazungumzo.

Mji ulikuwa mkubwa kuliko tulivyoudhania. Hesabu ya watu ya 2019 iliwapata wakaazi zaidi ya 163,000, na tangu hapo haukupungua. Tulifika wakati wa adhuhuri, adhana zikipishana kutoka minara mingi kwa mpigo mmoja, tuktuk zikisimama kando, na ngamia wanne wakivuka barabara ya lami kwa mwendo wa wenye mali, wasiojali honi ya mtu. Maduka ya simu yamepakana na maduka ya ubani. Madera yalining'inia milangoni kwa rangi zote, nasi tukakumbushana kwamba dera tulivaalo Mombasa na kuliita letu, asili yake ni vazi la wanawake wa Kisomali. Mitaa yao huiita bulla: Bulla Iftin, yaani mtaa wa nuru, Bulla Punda, Bulla Kartasi, na nyinginezo.

Juu ya Bulla Kartasi tuliambiwa neno ambalo wengi wetu hatukuwa tumelisikia. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliziteketeza nyumba za mtaa huo, na watu wengi wakakusanywa na kuzuiliwa kwenye uwanja wa shule. Idadi ya waliokufa haijakubaliwa hadi leo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mambo hayo katika ripoti yake ya 2013. Mwenyeji aliyetusimulia alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Alichokikumbuka ni mamake akitoka mbio na mkeka mmoja chini ya kwapa, kwa sababu mkeka ule aliusuka mwenyewe.

Jumatano asubuhi kaka wa bi harusi alitupeleka kwenye soko la mifugo, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki. Wasomaji wengi mtakuwa mmekula nyama iliyopita hapo bila kujua. Idi ya kuchinja ilikuwa karibu, na wanunuzi walikuwa wametoka mbali. Ng'ombe upande mmoja, mbuzi na kondoo upande mwingine, ngamia wamejitenga kama masharifu, na vumbi limewafunika wote sawasawa. Wanawake wapo, wengi wakiuza mbuzi na kuwataja mmoja mmoja kwa tabia zao: huyu mchokozi, huyu huzaa mapacha.

Kilichotushangaza ni namna bei inavyokatwa. Mnunuzi na dalali (neno hilo ni moja kwetu na kwao, sote tumelipata kwa Waarabu) hupeana mkono chini ya shuka, na bei husemwa kwa vidole, mtu wa tatu asiione. Hushikana, hutazamana, mmoja hutikisa kichwa, hushikana tena. Halafu shuka huondolewa, na papo hapo simu ya muuzaji hulia: fedha zimeingia. Hakuna noti iliyohesabiwa. Mbinu ya mababu inakata bei na simu inalipa, wala hakuna aliyeona ajabu isipokuwa sisi. Tunasikia kwamba katika soko la samaki la Tokyo, ambalo lilihamishwa kutoka Tsukiji kwenda Toyosu mwaka 2018, wanunuzi nao hutaja bei kwa vidole. Ila wao huviinua juu hadharani. Kwa adabu ya biashara, tunaona watu wa Garissa wamewazidi.

Kwenye kivuli cha ukuta walikuwako wauza maziwa ya ngamia. Tulikaa nao muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Maziwa huja alfajiri kutoka malishoni katika madumu, mengine hubaki mjini na mengine hupakiwa basini kwenda Nairobi, na mwenye maziwa hufuata mzigo wake kwa simu tu. Tulipoonja tulikuta harufu ya moshi, nzuri, na tukauliza imetoka wapi. Wakatueleza kwamba chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji peke yake. Huwashwa kijiti cha mti maalumu, kikafukizwa ndani ya chombo, ili maziwa yasiharibike upesi. Wifi yetu alicheka akasema, "Nyinyi mwafukiza maziwa, sisi twafukiza nguo." Tuliwapa udi kidogo tuliokuwa nao, nao wakatupa vijiti vyao. Vingali vipo nyumbani, na tumejaribu kuvitumia kwa mtungi wa maji, matokeo si mabaya.

Mama mmoja kati yao alikuwa na ng'ombe zamani. Alikuwa na wengi. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na alipomaliza kuzika mizoga, ndivyo alivyosema, kuzika, alihamia mjini na wanawe, akaanza kuuza maziwa ya ngamia wa wengine. Ngamia hustahimili pale ng'ombe anaposhindwa. Hakulalamika. Aliuliza tu iwapo Mombasa kuna wanywaji.

Alasiri tulipelekwa nje ya mji kuuona mtambo wa umeme wa jua, uliozinduliwa Desemba 2019. Ni vioo zaidi ya laki mbili, vimepangwa kwa safu juu ya ekari zaidi ya mia mbili, na huzalisha megawati 50 zinazoingizwa katika gridi ya taifa. Kwa mbali hudhani ni ziwa. Yule kijana aliyetuongoza alisema mbuzi wa kwanza walioiona waliikimbilia wakitafuta maji, na hatujui kama alikuwa akitutania. Kisha tukaenda Bour-Algi, hifadhi ya twiga kusini mwa mji, inayotunzwa na wanakijiji wenyewe, na huko tukawaona twiga wenye madoa ya wavu wakila majani ya mgunga hatua chache kutoka kwa watoto waliokuwa wakichunga. Mtoto hakumwangalia twiga, twiga hakumwangalia mtoto.

Tukirudi tulipita mbele ya lango la Chuo Kikuu cha Garissa. Hapo gari lilipunguza mwendo bila mtu kuomba. Chuo hicho kilianza mwaka 2011, cha kwanza cha umma katika eneo zima la Kaskazini Mashariki. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia, na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Kilifunguliwa tena Januari 2016. Kijana wetu alipopangiwa nafasi hapo miaka michache baadaye, mamake alilia siku tatu, na jamaa wakamshauri akatae. Alikwenda. Binti wa Garissa naye alijiunga hapo hapo, nyumbani kwao, wakati wengi walikuwa wakikimbilia vyuo vya mbali. Tulisoma Fatiha, tukawaombea faraja wazazi wote wa watoto wale, wa dini yetu na wasio wa dini yetu. Hatukusema zaidi.

Jioni ndipo tulipofika kwenye shughuli yenyewe.

Nyumba ya wakwe zetu ni ya matofali na mabati, nayo ni ya kupanga. Lakini uani, nyuma ya tangi la maji, imesimama nyumba nyingine, ya mviringo, kimo chake kifua cha mtu na kidogo zaidi, na huko ndiko anakolala nyanya wa bi harusi, ambaye wote humwita Ayeyo. Amekataa kulala chini ya mabati. Nyumba yake ni aqal, ile ya wafugaji: mifupa yake ni vijiti virefu vilivyopindwa vikafungwa kwa kamba, na juu yake mikeka tabaka kwa tabaka iliyosukwa kwa nyuzi za maganda ya mti. Juu ya mikeka, siku hizi, pana turubai. Ndani, taa ndogo ya jua imening'inizwa kwenye kijiti, na simu ya Ayeyo inachajiwa humo humo.

Tuliingia watano tukajibana. Tulipewa chai ya maziwa ya ngamia, anjera, na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli. Tulisifu nyumba, kama wageni wanavyopaswa kusifu.

"Nyumba hii ni yangu," Ayeyo alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Vijiti ni vyangu, mikeka ni yangu. Mama yangu na shangazi zangu walisuka mwaka mzima kabla sijaolewa. Siku ya harusi ilikuja juu ya ngamia, nikaisimamisha kwa mkono wangu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alilala humu miaka arobaini. Alikuwa mgeni wangu."

Wanawake wote wakacheka, wa kwao na wa kwetu. Yeye hakucheka.

"Mjukuu wangu mwampeleka katika nyumba ya nani?"

Mama wa kijana alijibu kwa heshima kwamba kijana amepanga vyumba viwili vizuri Tudor, ghorofa ya pili, penye maji na upepo wa bahari, na kwamba makazi ya mke ni wajibu wa mume, naye hatautupa wajibu huo.

"Najua wajibu wake. Sikuuliza nani atalipa. Nimeuliza nyumba ni ya nani."

"Ni ya mwenye jengo, Ayeyo."

"Basi siku mume akikasirika, au akifa, au akioa mwingine, huyu mtoto atatoka na nini? Mimi nilipohama nilivunja nyumba yangu, nikaipakia juu ya ngamia, nikaondoka nayo. Binti yangu huyu," akamwonyesha mama wa bi harusi, "amekaa katika matofali miaka kumi na minane. Hana hata tofali moja."

Mama wa bi harusi aliinamisha uso. Tulihisi kwamba maneno hayo yalikwisha semwa kati yao mara nyingi, na kwamba hakupenda yasemwe mbele ya wageni, tena siku ya posa.

Ndipo Khalati wetu wa Lamu alipofungua kinywa. Alisimulia jinsi ilivyokuwa kwao: baba mwenye uwezo hakumtoa binti yake nje, alimjengea. Alipandisha ghorofa juu ya nyumba yake, au akavusha chumba juu ya ujia kwa wikio hadi ukuta wa pili, na bwana harusi ndiye aliyekuja na sanduku lake. Nyumba ilikuwa ya binti, na watoto walizaliwa kwa mama yao. Mji huo leo umo katika orodha ya urithi wa dunia, tangu 2001, na wageni huja kupiga picha milango yake. Lakini nyumba nyingi katika hizo zimeuzwa, nyingine ni za kulala watalii, na mabinti wa walioziuza wamepanga Mombasa. Khalati ni mmoja wao. Hakulitaja hilo, ila sisi tulijua.

"Kumbe nanyi mlikuwa na akili," Ayeyo akasema.

Mazungumzo yaliyofuata yalichukua hadi baada ya isha, na hayakuwa matamu kila mara. Ayeyo hakutaka dhahabu. Alisema dhahabu huuzwa ada ya shule inapopanda, na hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nani. Alitaka mahari iwe kiwanja, kidogo namna gani si neno, chenye hati yenye jina la mjukuu wake. Mmoja wetu alimjibu kwamba mahari bora ni nyepesi, na kwamba kijana ana miaka miwili tu kazini. Ayeyo akasema nyepesi ni ile anayoiridhia mwenyewe, na mwenyewe ni huyu hapa, mwulizeni. Bi harusi, aliyekuwa mlangoni na birika ya chai, aliulizwa. Alisema anamtaka kijana, na kiwanja pia anakitaka, na kwamba atachangia ujenzi kwa mshahara wake. Mamake alimkazia macho. Aliendelea kumimina chai.

Sisi wenyewe tulitoka uani tukashauriana gizani kando ya tangi. Wifi aliona tumetegwa. Mama wa kijana aliogopa kurudi na sharti ambalo mwanawe hataliweza, posa ivunjike, na aibu itangulie kufika Mombasa kabla yetu. Khalati alisema hataki kusikia neno aibu usiku huo. Mahari ni haki ya mwanamke, Suratun Nisaa imeamrisha apewe kwa moyo mkunjufu, na sheria inaruhusu sehemu ilipwe sasa na sehemu ibaki deni. Deni linalojulikana huandikwa. Kama kijana anaweza kukopa kununua pikipiki, basi na aandike deni hili. Hatukukubaliana sote. Hadi leo wifi anaona Ayeyo alivuka mpaka, na huenda baadhi yenu mtaona hivyo hivyo.

Tulimpigia kijana simu kutoka ndani ya aqal, sauti ikiwa wazi wote wasikie, taa ya jua ikiyumba juu ya vichwa vyetu. Mamake alimweleza yote: nusu kwa fedha siku ya nikahi, na kiwanja kama deni la miaka mitatu, liandikwe mbele ya kadhi. Kimya kilikuwa kirefu hata tukadhani mtandao umepotea.

"Jina lake peke yake?" akauliza.

"Lake peke yake," Ayeyo akajibu kabla ya mtu mwingine.

Akanyamaza tena. Kisha akauliza, kwenye kitambulisho jina la binti limeandikwaje, herufi kwa herufi.